Darasa Lililongoja Kufunguliwa

Bondeni, Nakuru
14 Januari 1956

Kwa mwanangu Alamin,

Salamu zangu zikufikie huko Kampala, zikukute na afya na shibe. Mimi sijambo, ila goti langu tu, ambalo kila asubuhi baridi ya Menengai ikishuka linanikumbusha miaka yangu bila kuulizwa. Baba yako na mama yako wazima, wanakusalimu. Kiprugut, mwenzako wa chuo, alipopita hapa likizo alisema eti umekonda. Nikamwambia mtoto wetu hakukonda, amesoma.

Sasa keti kwanza, maana nina habari. Lile darasa langu la wasichana, lile ambalo baba yako alinicheka nalo akasema nimeanzisha soko la kelele barazani, limepata nyumba! Mzee Bashir na kamati yake ya msikiti wamejenga chumba kizima kando ya msikiti, mabati juu, madirisha mawili, na ubao mweusi wa kweli. Si ule mlango wa zamani niliokuwa nikiandikia kwa makaa. Na serikali imekubali kumleta Bibi Mkaguzi kutoka Nairobi aje akifungue mwezi wa pili. Akiridhika atatupa vitabu, na darasa litahesabiwa kuwa skuli. Hebu fikiri, skuli ya wasichana wa Kiislamu Bondeni, na iliyoanza barazani kwangu kwa mkeka uliotoboka!

Bibi huyo ndiye roho ya mambo yote. Unamkumbuka Mboni, binti wa Obeid mwenye bucha? Ana miaka kumi na minne sasa na anasoma kunishinda mimi, wallahi. Lakini kuna watu wa Naivasha wanamposa, na Obeid ameniambia wazi: serikali ikimwona mtoto ana faida na kitabu, atamwacha asome. Isipomwona, ataolewa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakata mbavu na kusema kama anayetaja bei.

Basi mimi nimepewa nafasi ya kusema siku hiyo kwa niaba ya wanawake, na nimeamua nitasema Kiingereza. Usicheke. Kiingereza changu unakijua, kile nilichookota kwa marehemu mume wangu alipokuwa karani stesheni, na kile cha memsahib wa Milimani ninayemshonea mapazia. Kinatosha kununua na kugombana. Lakini hotuba yangu inaanzia hapa: mimi ndiye niliyeanza. Na hilo neno la kuanza, nasikia Waingereza wanayo mengi. Nitumie yote, usinichagulie. Kanga mtu huchagua mwenyewe dukani.

Shangazi yako,
Mastura


Chuoni, Kampala
29 Januari 1956

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Barua yako ilinikuta mzima, nikaisoma nimesimama mlangoni pa posta, nikacheka peke yangu mpaka bawabu akaniuliza kama nimepata mtoto. Pole na goti. Lisugue mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, usilitumie kupandia ngazi za watu wa Milimani.

Hongera, Shangazi! Nimewaambia wenzangu wote mezani. Yupo mmoja wa Kisumu, jina lake Achola, aliyesema angependa kuja kukuona. Nikamwambia apige foleni.

Haya, maneno yako. La kwanza ni *begin*. Hili ni neno la nyumbani. Mvua inaweza ku-*begin*, mtoto ku-*begin* kusema, na hadithi pia. Linaingia kila mahali bila kubisha hodi.

*Start* ni ndugu yake, ila ana haraka. Lina kitu cha kushtuka ndani yake. Motokaa ina-*start*, gari la moshi lina-*start*, ugomvi una-*start*. Ukisema ume-*begin* motokaa watakutazama.

*Commence* ni lile lile *begin* lakini limevaa suti. Ni neno la mahakama, na la karatasi za mtihani. Nilipofika hapa mwaka wa kwanza nilisema mezani, kwa adabu zangu zote, tu-*commence* kula. Mpaka leo wako wanaoniita Hakimu.

*Found* ni zito, usilichezee. Ni kuasisi, kutia msingi wa jambo litakalobaki wewe ukiondoka. Mtu anaweza ku-*found* mji au skuli, lakini hawezi ku-*found* chai.

*Open* ni la mgeni. Sikiliza hapa vizuri: kwa Waingereza anayefungua si lazima awe ndiye aliyeanza. Kazi ya mmoja ni jasho, kazi ya mwingine ni mkasi na utepe. Na liko *inaugurate*, ambalo ni *open* lililovishwa joho. Hilo liache. Litakuvunja ulimi mbele ya watu.

Mimi ningesema *we began*, yaani tulianza, sisi sote. Waingereza wanapenda mtu asijitaje sana katika hotuba, na kamati nayo itafurahi.

Mwanao,
Alamin


Bondeni, Nakuru
18 Februari 1956

Mwanangu Alamin,

Natumai barua hii inakukuta salama, na vitabu vyako havijakutoa macho. Huku sote wazima. Goti limepoa kwa mafuta yako. Vumbi la ziwani ndilo limetukamata mwezi huu, kila sufuria ina chumvi ambayo sikuitia.

Maneno yako nimeyapokea na nimeyavaa moja moja. Lile la suti nililipeleka Milimani. Nilimwambia memsahib, kesho nita-*commence* mapazia yako. Akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akajipangusa macho. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu, yuko chuo kikuu Kampala. Akaacha kucheka. Nilishona siku ile huku nikiimba.

Nimewafundisha wasichana pia. Samsam, yule mdogo wa pengo, sasa kila kitu kwake ni *start*. Mama yake akimwambia afagie anasema *I start*, na bado amekaa. Mboni aliniuliza: Mwalimu, na yule anayeanza jambo kisha akafa, wanamwitaje? Nikamwambia hilo mtu wetu wa Kampala hajalituma.

Ama kuhusu hilo la kusema sisi tulianza, nimelisikia. Hao sisi walikuwa wapi nilipokuwa nikiandika kwa makaa?

Sasa jambo jingine. Ijumaa baada ya sala Mzee Bashir alikuja kwangu na kamati nzima, wakasimama uani na kanzu zao. Akasema: Mastura, kuanzia leo darasa lifungwe mpaka mgeni aje. Nikauliza, kisa? Akaniambia: tumemwalika mama wa watu aje afungue. Akikuta wasichana wamekwisha kaa ndani wanasoma, atafungua nini? Utampa mgeni wa heshima sinia lililokwisha kuchovywa? Utampa makombo?

Nilitaka kubisha, lakini nikamkumbuka marehemu babu yako, uliyerithi jina lake, ambaye hakuna mkono ulioingia katika pilau yake kabla ya mgeni kunawa. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Basi nikakubali. Na baraza nalo lisisomewe, wakasema, maana maneno yatamfikia karani wa DC kwamba darasa lilikwisha anza. Hazifiki hata wiki mbili. Wasichana wamefurahi kupumzika, na mimi nina hotuba ya kukariri. Funguo nimempa Mzee Bashir mkononi. Bibi Mkaguzi na apate sinia zima, lenye nyama juu.

Shangazi yako mwenye hotuba,
Mastura


Chuoni, Kampala
25 Machi 1956

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi niko salama, nisamehe kimya changu. Tulikuwa na mitihani, na niliporudi kutoka mitihani nikalala kama mzigo. Natumaini wewe, baba, mama na mtaa mzima hamjambo.

Nasoma tarehe na kuhesabu, naona sherehe imekwisha pita. Hongera, mama yangu! Hebu nieleze. Bibi Mkaguzi alikujaje? Alikula pilau kwa mkono au walimletea uma? Ulisema *we* au ulisema *I*? Na Mboni je, Obeid ameridhika? Andika yote, usinibanie hata salamu za waliokaa nyuma.

Najivunia kuwa damu yako. Achola anakusalimu, bado yuko kwenye foleni.

Mwanao,
Alamin


Bondeni, Nakuru
21 Aprili 1956

Alamin,

Ramadhani njema, na funga yako ikubaliwe. Hali ya mwili ni nzuri, alhamdulillahi. Hali ya roho usiniulize.

Usinipongeze. Mgeni hakuja. Tulifagia, tukapika, Mzee Bashir akanunua utepe mwekundu kwa Mhindi, tukakaa kutoka asubuhi mpaka sufuria za pilau zikapoa. Jioni karani akaleta habari kwamba Bibi Mkaguzi ameenda likizo Ulaya. Atakuja mwingine, siku haijulikani. Wakatuambia tungoje. Na sisi kwa kungoja, mashallah, tunaweza.

Kila Ijumaa namfuata Mzee Bashir. Kila Ijumaa ananiambia, binti yangu, mgeni akija kesho akakuta makombo, aibu ni ya Bondeni nzima. Chumba kimekaa na rangi yake mpya na ubao wake, hakuna aliyeandika hata nukta. Nachungulia dirishani kama mwizi.

Na wasichana wanakwenda. Wengine wanauza mahamri na mama zao. Samsam amechukuliwa na kaka yake mpaka Mai Mahiu akamlelee mtoto, na alipopanda lori alinipungia mkono akicheka, kwa sababu hajui. Mboni anakuja kwangu jioni kuniazima gazeti la memsahib, analisoma amesimama kwenye kona ya ua ili asihesabiwe kuwa anasoma. Obeid amesema watu wa Naivasha hawangoji milele. Kama mpaka Idi Kubwa hakuna darasa, harusi.

Nimechoka, mwanangu. Nilijua kuanzisha jambo kuna kazi. Sikujua kwamba jambo lililokwisha anza linaweza kuzimwa kwa heshima, na watu wazuri, wenye nia njema. Nieleze, Waingereza wana neno la kuanza tena? Na wewe Mzee Bashir anakusikia, wewe ni msomi. Mwandikie.

Shangazi yako,
Mastura


Chuoni, Kampala
3 Mei 1956

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole tena pole. Mimi mzima kwa mwili, lakini barua yako ilininyima futari. Nilikaa nayo mpaka uji ukapoa.

Shangazi, wamekosea! Wamekosea kwa adabu, lakini wamekosea. Hapa chuoni tulijengewa ukumbi mpya wa kulia chakula. Tumekula humo muhula mzima, meza zina madoa, kiti kimoja kimekwisha vunjika, na jina la Achola limekwisha kwaruzwa ukutani. Kabla tu ya Ramadhani ndipo akaja Mzungu mkubwa na mke wake, akakata utepe, akasema ukumbi huu sasa umefunguliwa, na sisi tukapiga makofi kisha tukaingia kula palepale tulipokula asubuhi. Hakuna aliyeona aibu. Kwao *open* ni heshima anayopewa mgeni, si sahani yake. Hata daraja wanaweza kulifungua na huku motokaa zimepita juu yake miezi. Bibi Mkaguzi akikuta wasichana wanasoma atafurahi. Akikuta chumba kitupu ndipo atauliza, mbona hakuna kitu?

Neno ulilotaka ni *resume*. Ni kuanza tena pale ulipokomea, si kurudi mwanzo. Baraza linaweza ku-*resume* baada ya chakula. Hilo ndilo lako.

Lakini kumwandikia Mzee Bashir siwezi. Unisamehe. Yeye ndiye aliyenishika mkono kwenye ubao wa chuo cha Kurani nikiwa na miaka mitano, akaniandikia alifu yangu ya kwanza. Mama alimpelekea sinia la halua siku ile. Tangu lini mtu akamwambia aliyemwanzisha kwamba hajui kuanza? Kalamu yangu inakataa. Tafuta njia, Shangazi. Wewe njia huzikosi.

Mwanao,
Alamin


Bondeni, Nakuru
2 Juni 1956

Alamin,

Idi yangu ilikuwa njema, natumai na yako pia. Watu wote wazima. Baba yako anasema umetuma salamu kidogo kuliko mwaka jana.

Umeniudhi, nakwambia wazi. Chuo kikuu kizima, Kiingereza cha suti na cha joho, halafu unamwogopa mzee mmoja wa Bondeni! Nilikutukana siku mbili. Siku ya tatu nikasema, basi, mtoto ana adabu, na adabu hiyo nimemfunza mimi. Nikakusamehe. Usizoee.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Siku ya Idi nilikwenda nyumbani kwa Mzee Bashir kutoa mkono wa Idi. Masinia yamepangwa ukumbini, yamefunikwa kawa, wageni wake wa mbali hawajafika, na hakuna anayethubutu hata kuchungulia. Nikapita jikoni kumsalimu mkewe. Nakuta wajukuu wake wote wamekaa chini wanashindilia pilau, mafuta mpaka viwikoni!

Nikarudi ukumbini, nikamwambia mbele ya watu: Mzee, mbona jikoni wanakula na wageni hawajafika? Akacheka. Akasema, ah, Mastura, wale ni watoto. Mtoto hulishwa jikoni, hangojeshwi mgeni.

Nikamwambia: basi na mimi wangu ni watoto, Mzee. Wana njaa tangu mwezi wa pili.

Mzee alivuta tasbihi yake punje kadhaa. Mimi uso nimeukaza. Wazee wengine wanatazama mkeka. Kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yanapanda na kushuka, akasema: umenishika, binti Alamin. Walishe. Lakini jikoni kwako. Sinia la ukumbini lisiguswe.

Kesho yake alileta mikeka miwili mipya barazani kwangu mwenyewe, kaibeba kichwani, mzee wa umri ule, na watu wanaona! Sina kinyongo naye hata chembe. Tume-*resume*. Nimewaambia wasichana hilo ndilo neno letu na wameliimba mpaka jirani akatoka.

Hawakurudi wote. Samsam bado yuko Mai Mahiu. Nimemwandikia kaka yake, hajajibu. Lakini Mboni alikuwa wa kwanza mlangoni, alfajiri, hata sijawasha moto. Obeid amesema vile vile, Idi Kubwa. Na siku ya mgeni haijulikani bado.

Shangazi yako,
Mastura


Chuoni, Kampala
17 Juni 1956

Shangazi,

Shikamoo. Mzima mimi, na natumai nyote. Hii ni fupi, kesho nina mtihani.

Nimesoma barua yako kwa sauti chumbani. Achola alipiga ukuta kwa ngumi kwa furaha mpaka wa upande wa pili akajibu. Nimetukanwa na nimesamehewa katika karatasi moja, na yote nimeyapokea.

Kuhusu hotuba yako, fanya unavyoona. Nilikwambia useme *we*. Nimefikiri tena. Hilo nililitoa kitabuni, na kitabu hakikuwa barazani kwako.

Niandikie mara tu atakapokuja.

Alamin wako


Bondeni, Nakuru
15 Julai 1956

Mwanangu Alamin, jina la baba yangu,

Salamu zote za Bondeni zipokee kwa pamoja, maana nikianza kutaja mmoja mmoja stempu haitatosha. Mimi ni mzima kuliko nilivyopata kuwa. Hata goti limesahau.

Amekuja! Jumatano. Mwanamke mrefu, kofia ya ukindu, pua imeungua kwa jua, ametoka Nairobi kwa motokaa na vumbi lake. Kamati imejipanga na kanzu nyeupe. Karani wa DC, kijana mmoja aitwaye Kipketer, ndiye mkalimani. Mzee Bashir akampa mkasi, utepe ukakatwa, tukaingia. Chumba kinanuka rangi. Wasichana wangu wamekaa chini na magauni ya buluu niliyoshona mwenyewe.

Bibi Mkaguzi akatoa kwenye mkoba karatasi kubwa yenye picha na herufi, akaitundika ubaoni. Akaonyesha A kwa fimbo. Akasema polepole, kwa upole mwingi, *eeei*. Wasichana wakanitazama mimi. Ilikuwa kama mtu anayewalisha uji watu wenye meno! Kisha akamgeukia Kipketer, na Kipketer akauliza kamati: Bibi anataka kujua, masomo yataanza lini?

Alamin, hapo ndipo kamati iliponaswa. Maana walikuwa wameiandikia serikali kwamba yanaanza siku ile. Wakisema yalikwisha anza, wamesema uwongo kwenye barua. Wakisema yanaanza leo, wamenizika mimi na Mboni. Mzee Bashir alitazama chini. Nikamwona shingo yake, nyembamba, imeinama, na nikajua nikisema mimi ndiye kisha nikanyamaza, nimemvua nguo mbele ya watu wake. Mzee aliyebeba mikeka yangu kichwani.

Nikasimama. Sikungoja kuitwa. Nikasema, na ninakuandikia vile vile nilivyosema: *Madam, I began this class. Mzee Bashir and the committee founded this house for it. Today you open it. The children did not wait for us.*

Umeona? Kila mmoja nilimpa neno lake: mimi nilianza, wao wakaasisi nyumba, mgeni anafungua, na watoto hawakutungoja. Langu nililichukua mwenyewe, na nililichukua kwanza, wala sikusema *we*. Yule Bibi akavua kofia. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia miaka mitatu, *madam*, barazani kwangu. Huku Mzee Bashir anamvuta Kipketer mkono wa shati, anauliza, amesema nini, amesema nini? Kipketer akamfasiria. Mzee akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kuadhini: ni kweli! Alianza yeye, sisi tukajenga! Na kamati nzima ikaitikia ni kweli, hata wale waliokuwa hawajasikia.

Basi yule Bibi akatoa kitabu chake mwenyewe mkobani, chenye maandishi madogo, akauliza nani anaweza kusoma. Mboni akasimama. Akakipokea kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa mzima, Alamin. Alikwama neno moja, akarudi nyuma, akaliruka kwa mbio kama anayeruka mtaro, akaendelea. Nje ya dirisha Obeid amesimama na aproni yake ya bucha ina damu, ametoka dukani akaacha wateja. Mdomo wazi.

Vitabu tutapata. Tumehesabiwa skuli. Lakini Bibi alinieleza pembeni, kwa heshima, kwamba mwalimu mkuu lazima awe na cheti, na mimi sina, wala kwa umri wangu hawanipokei kukisomea. Mpaka apatikane, niendelee. Kisha akauliza kama baba yake Mboni atakubali apelekwe kusomea ualimu. Gharama ni ya serikali.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha, sitakuficha. Liliniuma. Mtu aanze na makaa, halafu aambiwe asubiri mwenye karatasi.

Leo asubuhi Obeid amekuja na paja zima la mbuzi, na huyu ni mtu asiyepunguza hata mfupa. Hakuketi. Akaniambia amewarudishia watu wa Naivasha posa yao. Amewaambia binti yake ni mtu wa serikali! Bado hajapanda hata gari la moshi, na bucha nzima imekwisha jua kwamba ni mwalimu. Anamkatia mteja nyama anamsomesha habari za Mboni, nyama inaganda kwenye mizani.

Halafu akashusha sauti. Akaniuliza: Mwalimu, akirudi na hicho cheti, si yeye ndiye atakuwa mkubwa wako? Hutaona vibaya, na mimi nikakosa uso kwako?

Nikamtazama. Kumbe ndilo lililokuwa limemzuia kuketi. Nikamwambia: Obeid, siku Mboni atakaponiambia, Mastura, kaa pale, nitakaa. Nitakaa mbele kabisa, nimeunyoosha mgongo, na nitamwambia kila aliye pembeni yangu kwamba aliyempa kalamu yule ni mimi.

Akaketi. Tukanywa chai.

Shangazi yako,
Mwalimu Mastura binti Alamin